Sauti ya Chungu

Chausiku alikigonga chungu chake kipya mbele ya maikrofoni ya redio ya mji, ili wasikilizaji wasikie kilivyoiva motoni. Mtangazaji akammwagia sifa, kisha akaweka hewani simu ya msikilizaji.

"Mjukuu wangu, hebu gonga tena, karibu na kitako," alisema bibi kizee.

Chausiku akagonga.

"Kina ufa hicho."

"Bibi, ninacho mkononi na sioni ufa wowote!"

"Mimi hata jua silioni. Nimefinyanga miaka arobaini. Macho yamekwisha, masikio bado. Kitie maji."

Kwa hasira Chausiku akamiminia humo maji yake ya kunywa, akakiinua. Kitakoni pakachomoza tone moja, likanenepa, likaning'inia.

Kabla halijadondoka, Chausiku alikuwa ameshapiga goti mbele ya maikrofoni.

"Shikamoo, Bibi."