Wastani wa Bibi

Kompyuta kuu ya mji hupima uchangamfu wa wazee wote wanaoishi majumbani, nami nimeajiriwa kuandika muhtasari wa mtaa wetu kila mwisho wa mwezi. Kompyuta haijali dakika moja moja. Hutazama wastani wa kila robo saa. Mzee akipata chini ya alama thelathini kwa mwezi, gari huja kumpeleka Makao ya Wazee.

Mwezi uliopita bibi yangu, Bibi Tunu, alipata thelathini kamili. Alikuwa akicheka dakika mbili, kisha akisinzia saa nzima, na usingizi ukafuta kicheko chote.

Kazini tumekatazwa kueleza hesabu hizo, lakini nilimweleza mama. Tangu siku hiyo, kila Bibi aliposinzia, mama alimtikisa bega.

"Mama, nitajie wajukuu zako."

"Si nimewataja sasa hivi?"

"Wataje tena."

"Mbona mnanihoji kama mwizi wa kuku?"

Tulicheka, tukampa mchele uliokwisha kuchambuliwa auchambue upya. Nilipokuwa nyumbani, zamu ya kumtikisa ilikuwa yangu. Wiki ya tatu aliacha utani. Alitaja majina yetu bila kututazama.

Leo nimeleta muhtasari: thelathini na tisa, abaki nyumbani. Mama alilia kwa furaha, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi na kumsomea mara mbili.

Bibi alisikiliza, macho mekundu, kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu," aliuliza taratibu, "huko Makao watu wanaruhusiwa kulala?"