Daraja la Pimamaji

Mashine haikulia.

Mhandisi aliipitisha tena juu ya zege, taratibu, kutoka ukingo mmoja wa daraja hadi wa pili, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Kimya. Mashine yenyewe ina kazi moja tu: ikipita juu ya nondo zilizofukiwa ndani ya zege, inapiga kelele. Leo imenuna.

"Bosi, hiyo imekufa," dereva wake alisema, ameegemea mlango wa gari.

"Haijafa. Imezimia."

"Basi iwahishe hospitali. Wenye lori wanataka jibu jioni hii."

Lori lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya bonde, limebeba mtambo wa kuchimbia kisima cha gesi, chuma kitupu, uzito wa kutisha. Kampuni ilimtuma mhandisi akague kama barabara ya kwenda kisimani inatosha. Kona alishazipima. Upana alishaupima. Matope alishayakanyaga mpaka viatu vikamkana. Limebaki daraja.

Wakubwa wake walitaka tangu mwanzo lori lizunguke mlimani. Yeye ndiye aliyekataa. Alisimama kikaoni, kifua mbele, akasema daraja hili analijua tangu halijazaliwa, na kama halina chuma cha kutosha wamfukuze kazi. Lilijengwa na baba yake.

Baba yake alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia unyoofu wa ukuta, kwa jinsi alivyonyooka, kazi hata kauli. Nondo za daraja zilipoletwa alikataa zilale kando ya mto, wezi wasije wakazibeba. Alizilaza uani kwake, akazilinda mwenyewe. Mhandisi, enzi hizo wa kuvaa kaptura, alitembea juu ya nondo hizo akijifanya anavuka mto, na hapo ndipo alipoingiwa na wazimu wa uhandisi. Siku ya mazishi ya baba, nusu ya waombolezaji walikuja kwa kupita juu ya daraja hilo, na kila mmoja alilitaja.

Sasa mashine inamwaibisha juu ya jasho la baba yake. Akamkumbuka rafiki yake wa ofisini, aliyemkabidhi mashine hiyo akichekacheka, na ambaye kikaoni aliunga mkono njia ya mlimani. Damu ikamchemka. Akampigia simu.

"Umenipa mashine mbovu makusudi. Na mimi nilikuita ndugu."

"Mbovu? Jana imelia vizuri kabisa. Hebu ijaribu mahali unapojua pana chuma."

"Hapa ndipo ninapojua!" Akakata simu. Urafiki wa miaka, alijisemea, umeuzwa kwa kitu kidogo hivi. Iliuma kuliko alivyotarajia.

"Twende kwa mama," akamwambia dereva. "Tukaichaji."

Mama alikuwa uani, anachambua mchele. Nyumba yake ya vyumba viwili, aliyojengewa na mumewe mara tu baada ya daraja kwisha, ilisimama bila ufa hata mmoja, wakati za majirani zilishapigwa viraka mpaka zikachoka.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, mama. Mashine imenigomea darajani. Haioni nondo hata moja."

Mkono wa mama ulisita juu ya ungo. "Kwani lazima wapite hapo? Si wazunguke mlimani?"

"Na wewe, mama? Na wewe unalikana daraja la mzee?"

Mama alipuliza makapi.

Ndani, picha ya baba ilikuwa juu ya kabati, imeegemezwa. Haikuwahi kutundikwa, maana ukuta ule ulipindisha kila msumari. Ulikuwa utani wa nyumbani: Pimamaji kajenga nyumba isiyotaka sura yake. Mhandisi alichomeka mashine kwenye umeme, akaketi mbele ya picha hiyo. "Usijali, mzee," alinong'ona. "Hawatakuchafua nikiwa hai."

Taa ya kijani ilipowaka, akatoka nayo uani na kuisogeza kwenye sufuria tupu ya mama. Ikalia.

"Imefufuka!" dereva akapiga makofi.

Mhandisi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kumbe chaji tu! Akaona haya kwa yale aliyomwambia rafiki yake, akaapa kumwomba radhi kabla jua halijazama. Kwanza darajani. Aliiegemeza mashine ukutani ili afunge kamba za viatu.

Ikalia.

Akaisogeza pembeni kidogo. Ikalia. Akaipitisha chini ya dirisha, ikalia. Kwenye nguzo ya baraza, kwenye kizingiti, kwenye ngazi, ikalia, haikupumua. Alikwenda nayo mpaka kwenye banda la kuku, akiiomba moyoni inyamaze walau hapo. Ikalia kwa nguvu zaidi.

Dereva aliacha kucheka. Mhandisi alimgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani mama amdanganye.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Izime, mwanangu," alisema. "Majirani watasikia."