Kigingi cha Mwisho

Casimir, mpimaji wa barabara mpya ya malori, alibakiza kigingi kimoja tu, nacho kilipaswa kusimama katikati ya mikuyu iliyoandamana na mto mdogo nje ya Kalemie.

Alipoinua nyundo, mama mwenye shamba la mihogo la pale hakupiga kelele. Alimwonyesha tu mizizi minene iliyoshikilia ukingo, maji yakipita chini yake bila kuumega.

“Nani alipanda hii miti, Mama?”

“Njo sisi wamama, Papa. Bonde lilikuwa linabomoka. Tulibeba miche kwa kichwa, miaka kumi na mbili.”

Casimir alitazama mihogo, maji maangavu, kila kona ya mto na kivuli chake. Hakuwahi kuona kazi safi kama ile.

Akashusha nyundo.

“Mama, nionyeshe. Kule juu ya bonde, malori yanaweza kupita wapi?”