Breki ya Mkono

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995. Asubuhi ilikuwa na mawingu na kijibaridi cha kusi.

Mauza alisema Bismillah, akaliwasha lile gari la kukodi, refu, lenye kiyoyozi. Usukani wake ulikuwa mwepesi kama mwiko kwenye uji. Alilikodi ili akamchukue Kigamboni mama yake, aliyevunjika nyonga na sasa hawezi kupanda daladala.

Mumewe alikaa pembeni, akikanyaga breki isiyokuwepo.

"Punguza. Mkokoteni huo. Mama watoto, hili si cherehani."

"Nimeuona."

Walipofika Mtaa wa Msimbazi, mkokoteni mwingine, wa viazi, ukakatiza mbele yao. Mauza alikuwa ameshakanyaga breki, na gari likawa linatii taratibu. Hapo ndipo mumewe alipoinyakua breki ya mkono, akaivuta kwa nguvu zote. Gari likaruka, likazimika. Paji la uso la Mauza likagonga usukani.

Wachukuzi wa ule mkokoteni wakacheka. "Mwanamke na gari, wapi na wapi," mmoja akasema.

Mumewe alingoja kicheko kiishe. Kisha akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Watu wanatuangalia."

Mauza akautazama ule mkono, vidole bado vyekundu kwa kuvuta. Akabonyeza kitufe, kioo kikashuka chenyewe, kelele za Kariakoo zikaingia.

"Breki kaivuta huyu," akawaambia wachukuzi. "Na nyie ndio mashahidi wangu. Wallahi, mama yangu nitamleta mimi, leo hii, na huyu anashuka hapa hapa."