Mshale wa Mwisho wa Kapseret

Kipyego alipenyeza mkono kwenye nyasi za paa, akauchomoa mshale, akaufunika kwa blanketi. Ni huu mmoja tu aliokuwa ameificha serikali.

Wala haukuwa mshale wa vita, jamani! Ncha yake ilikuwa fupi kama ukucha, imezungushiwa kamba isizame, ya kutobolea mshipa wa shingo ya ng'ombe. Damu hukingwa kwenye kibuyu, ikachanganywa na maziwa, akanyweshwa mama aliyejifungua arudishe nguvu. Na Chelimo, mkewe, hakuwa ameacha kuvuja damu tangu azae.

Lakini serikali ingejuaje tofauti ya mshale wa ng'ombe na wa mtu? Ilisemekana Kapseret, kijiji chao, ndiyo inayowafulia mishale majirani wote hadi kule bondeni. Hao nao wakaanza kufua yao, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Basi Bwana Shauri, mzungu aliyekuwa mkuu wa wilaya, akapiga marufuku: chumvi isiuzwe Kapseret, ng'ombe wasitoke, wala mtu asivuke daraja la kwenda Sisibo, yaani Eldoret mjini, mpaka mshale wa mwisho utolewe. Unadhani walioumia ni mafundi wa mishale? Thubutu! Ni watoto waliokuwa wakilamba majivu kwa kukosa chumvi.

"Damu ya ng'ombe haimtoshi tena," mama yake, Jepkemboi, alimwambia mlangoni. "Huyu ni wa kupelekwa hospitali, Sisibo."

"Daraja limefungwa, Mama."

"Limefungwa kwa sababu ya nini?"

Kipyego aliukaza mshale ndani ya blanketi. Wenzake wote walishatoa mishale yao, naye akaiona kwa macho yake ikichomwa moto. Akiutoa huu, kesho hapatakuwa na damu ya kumpa Chelimo. Asipoutoa, hospitali ataisikia tu.

Chelimo alifumbua macho. "Nenda ukautoe," alisema. "Lakini usikawie."

Siku hiyo Bwana Shauri alikuwa na baraza, na Kipyego alikimbia njia nzima. Kwao, mtu anayeweka kosa lake chini kabla mkubwa hajafungua kinywa huwa ameshasamehewa. Anayengoja mpaka aulizwe, huyo anahesabiwa mwizi. Kwa hiyo ilikuwa lazima amtangulie yule mzungu kusema.

Aliwakuta watu wameketi kwenye nyasi, nyuso zimekauka. Bwana Shauri ndiyo kwanza anasimama, anakohoa, anajiweka sawa. Ah, Kipyego hakungoja! Alipita katikati ya wazee, akamkanyaga mmoja mguu, akalifungua blanketi na kuulaza mshale mbele ya viatu vya mzungu.

"Ni huu," alisema akihema. "Ndio wa mwisho kabisa. Ni wa ng'ombe tu. Tufungulieni daraja, mke wangu anakufa."

Nyongesa, karani wa Kibukusu aliyekuwa mkalimani, alitafsiri kwa sauti ndogo. Bwana Shauri aliuinua mshale, akaugeuza huku na huku. Uso ulimwiva. Akasema maneno machache kwa ukali, askari wawili wakatoka mbio, naye akapanda farasi na kuwafuata. Hakuwaaga hata wazee.

Kipyego alijipangusa jasho. Lo, alijisikia mwepesi! Tayari alikuwa akiwaza ni vijana gani wenye mabega ya kumbeba Chelimo kwa machela, na kama watafika kabla jua halijawa kali.

"Wale askari wanakwenda darajani, siyo?" alimuuliza Nyongesa.

"Ndiyo, wanakwenda darajani."

"Asante, ndugu yangu! Mungu akubariki."

Nyongesa alishindwa kumtazama usoni.

"Daraja lilifunguliwa leo asubuhi," alisema. "Bwana Shauri alikuwa amesimama kuwatangazia kwamba Kapseret haina mshale tena. Sasa anasema kama mlikuwa na huu, mnayo mingine. Wale wanakwenda kulifunga tena."