Dole Gumba Kwenye Kibali

Paskazia alisimama mbele ya katapila, matope yakimfika vifundoni, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja wenye majembe. Yeye ndiye aliyewapitia nyumba kwa nyumba asubuhi ile, baada ya kusikia kwamba kiwanda kipya cha minofu ya samaki kinataka kufukia kinamasi wanapokata mafunjo ya mikeka, ili kijenge gati.

"Kibali kipo, mama, cha mwaka huu huu wa tisini na tano," msimamizi wa ujenzi alisema, akamfungulia faili. "Na wakazi mlikubali. Mwakilishi wenu huyu hapa, kaweka dole."

Paskazia hakujua kusoma, lakini alama ile ya wino wa zambarau aliitazama kwa muda mrefu. Katikati yake ulipita mstari mweupe uliopinda kama ndoana. Akageuza kidole gumba chake. Kovu la mundu lilikuwa palepale, limepinda vilevile.

Alichanganyikiwa. Dole aliweka mara moja tu, mwezi wa tatu, walipokuja mabwana wawili kuandikisha wanaotaka kisima. Au hawakusema kisima? Alikumbuka neno maji tu.

"Ni la nani?" wenzake waliuliza.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliinua dole gumba juu, wote walione.

"Ni langu," alisema. "Lakini mimi niliomba maji."

Nyuma yake matope yalianza kulia chini ya miguu ya wenzake, na Paskazia hakujua kama wanamsogelea au wanaondoka.