Kanga Juu ya Kioo

Siku hizi kila nyumba ina kioo cha serikali kinachopima matiti bure. Kikiona uvimbe, kinasema. Kama ni saratani au siyo, hiyo ni kazi ya kipimo cha pili, na hicho unalipia mwenyewe.

Nilikuta kioo cha mama kimefunikwa kanga, kama tunavyofunika vioo radi inapopiga. Lakini kilikuwa kiangazi, wingu hakuna. Nikasimama pembeni, nikaivuta. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, uso kwa uso nacho.

“Bi Mwanahamisi,” kioo kikasema, “uvimbe wako wa mwaka juzi umekua. Lipia kipimo cha pili.”

Nikamgeukia mama.

“Mwaka juzi, mama? Si ndipo ulipolipia kipimo changu?”

“Pesa ya kuuza shamba ilitosha kipimo cha mtu mmoja, Saumu.”

Nikakumbuka majibu yangu yalivyotoka safi. Tulipika pilau, na aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa mama.

“Irudishe hiyo kanga, mwanangu,” akasema, “kabla hakijakuona na wewe. Safari hii hatuna shamba.”